Armand Peugeot: Aliuza magari, simba akabaki kwa binamu

Leo ukitoka Nyeri kwenda Nairobi unaabiri Nissan. Muulize guka wako yeye alisafiri na nini. Atakutajia Peugeot, kwanza 404 halafu 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, ikiteremka Karatina na Sagana watu wamebanana kama njugu. Na kama alifuatilia Safari Rally, jiandae: 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na hadithi hiyo haiishi haraka.

Sasa, yule simba wa pale mbele usidhani alitoka Laikipia. Ni simba wa msumeno.

Armand Peugeot alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1849, kwenye familia ya mafundi wa chuma. Baba yake, Emile, na baba mkubwa Jules walikuwa wakiuza misumeno, na ndio waliomwagiza mchongaji Justin Blazer awachoree nembo: simba anayetembea juu ya mshale. Maana yake ilikuwa meno magumu kama ya simba, bapa linalopinda kama mgongo wake, na kukata kwa kasi ya mshale. Nembo ilisajiliwa 1858. Armand alikuwa mtoto tu.

Alipokua alisomea uhandisi, akaenda Uingereza, akarudi na wazo la baiskeli. Hizo zilikubalika nyumbani. Shida ilikuja alipotaka magari. Mwaka wa 1889 alionyesha Paris gari la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa mvuke, mwaka uliofuata akahamia petroli. Binamu yake Eugène aliona hiyo ni njia ya kufilisi familia, na ukiwaza vizuri, hakuwa mjinga: nani alikuwa ananunua gari wakati huo?

Mwaka wa 1896 wakaachana. Armand akafungua kampuni yake ya magari. Misumeno, baiskeli na simba vikabaki kwa Eugène.

Hapa ndipo mambo yanachekesha. Magari yalipoanza kulipa, upande wa Eugène nao wakaingia. Kuanzia 1906 waliunda magari madogo yaitwayo Lion-Peugeot. Kwa hivyo simba alipanda gari kwanza kwa wale waliokuwa wameyakataa magari!

Armand hakuwa na mwana wa kumwachia kampuni. Mwaka wa 1910 aliungana tena na wana wa Eugène, na akafariki 1915.

Simba naye ameendelea kubadilika. Kwenye 404 alikuwa kichwa ndani ya ngao. Kwenye 504 akasimama mzima kwa miguu ya nyuma, na kwangu huyo ndiye mkali kuliko wote. Mwaka wa 2021 kampuni ilirudisha kichwa na ngao, karibu sana na yule wa 404. Ukiona 404 kuukuu imeegeshwa Karatina ama Nanyuki, toa simu ulinganishe.