Tolstoy alijifunza baiskeli akiwa mzee

Yapo mambo ambayo watu humsamehe kijana lakini hawamsamehe mzee. Mojawapo ni kuonekana akijifunza. Mzee hutazamiwa awe amekwisha kujua. Akitaka kuuliza, aulize faraghani, na akitaka kujaribu, ajaribu pasipo na macho ya watu. Ndiyo sababu leo nimependa kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu maisha ya mtu aliyejulikana duniani kote, mwenye ndevu za mvi zilizofika kifuani, ambaye alipokuwa akikaribia umri wa miaka 67 aliingia katika jumba la watu wote akaanza kujifunza kupanda baiskeli. Mtu huyo ni mwandishi wa Kirusi, Leo Tolstoy.

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 katika shamba la Yasnaya Polyana, yapata kilomita 200 kusini ya mji wa Moscow. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila, na katika Urusi ya siku hizo kabaila hakumiliki ardhi tu, bali hata wakulima walioishi juu yake. Utumwa huo haukuondolewa mpaka mwaka 1861. Mama yake alifariki yeye hajatimiza miaka miwili, na baba yake akafariki mwaka 1837, hata malezi yake yakawa mikononi mwa shangazi zake. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Kazan, akatoka mwaka 1847 bila ya shahada. Sehemu kubwa ya ujana wake aliipoteza katika kamari na madeni. Mwaka 1851 alifuatana na kaka yake hadi milima ya Caucasus, akaingia jeshini, na baadaye katika Vita vya Crimea akawa miongoni mwa askari waliozingirwa mjini Sevastopol. Habari alizoandika kutoka huko ndizo zilizomtangaza nchini mwake.

Mwaka 1862 alimwoa Sofia Behrs, yeye akiwa na miaka 34 na bibi arusi 18. Walizaa watoto 13. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa hiyo ndipo alipoandika Vita na Amani, riwaya kubwa iliyokamilika mwaka 1869, ambayo husimulia jinsi Napoleon alivyoivamia Urusi mwaka 1812. Kisha akaandika Anna Karenina, iliyokamilika mwaka 1877. Kazi ya kunakili miswada yote hiyo kwa mkono ilikuwa ya Bibi Sofia, naye aliifanya usiku, watoto wakiisha kulala.

Mtu mwingine angeridhika na sifa alizozipata, akakaa kitini akangojea wageni. Tolstoy hakuwa mtu wa namna hiyo. Ingawa tangu mwaka 1859 alikuwa na shule ya watoto wa wakulima shambani kwake, na yeye mwenyewe akifundisha humo, hakuona aibu kurudi kuwa mwanafunzi. Mwaka 1870, akiwa na miaka 42, alianza kujifunza Kigiriki cha kale, na baada ya miezi michache tu akawa anasoma vitabu vya Homer. Mwaka 1882 akajifunza Kiebrania kwa rabi mmoja wa Moscow ili aisome Biblia katika lugha yake ya asili. Halafu akamtafuta fundi viatu, akaketi naye, akashika msumari na nyundo. Mwaka 1885 mshairi Fet, aliyekuwa rafiki yake, alinunua jozi moja ya buti zake kwa rubo sita. Katika miaka hiyohiyo aliacha nyama, pombe, tumbaku na uwindaji, na mwaka 1886 alitembea kwa miguu kutoka Moscow hadi shambani kwake.

Sasa tufike kwenye msiba wake, kwa maana habari ya baiskeli haieleweki bila ya msiba huo.

Mtoto wake wa mwisho, Ivan, ambaye nyumbani wakimwita Vanichka, alizaliwa mwaka 1888, baba yake akiwa na miaka 59. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili lakini mwenye huruma isiyo ya kawaida kwa rika lake, na Tolstoy alitumaini kwamba huyu ndiye atakayeiendeleza kazi yake. Mwezi wa Februari 1895, kwa kalenda ya Warusi wa siku hizo, Vanichka alishikwa na homa kali ya vipele vyekundu, na baada ya muda mfupi sana akafariki, zikiwa zimebaki wiki chache tu atimize miaka saba. Walimzika karibu na kaka yake Alexei, aliyekuwa amefariki mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka minne.

Bibi Sofia nusura arukwe na akili. Faraja yake aliipata katika muziki, hasa wa Sergei Taneyev, mtunzi na mpiga piano aliyekuja kukaa Yasnaya Polyana kiangazi cha mwaka huo. Jambo hilo lilimtia mumewe wivu na likaleta ugomvi wa miaka mingi. Tolstoy naye alikuwa na umri wa miaka 66, ametoka makaburini, na mke wake halali wala hali. Wiki chache baadaye akaanza kujifunza baiskeli.

Msomaji akumbuke kwamba baiskeli wakati huo ilikuwa kitu kipya. Nyingi za miaka iliyotangulia zilikuwa na gurudumu la mbele refu karibu sawa na kimo cha mtu, na aliyeanguka kutoka juu yake aliweza kuvunjika shingo. Ni mwaka 1885 tu ndipo John Kemp Starley, wa mji wa Coventry huko Uingereza, alipotoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kimo na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi la kujazwa upepo. Kwa hiyo Tolstoy alipopewa Rover na chama cha wapenda baiskeli cha Moscow, alikuwa akishika chombo ambacho hata vijana wengi hawajakizoea.

Mafunzo yalifanyika katika jumba liitwalo Manege, karibu na Kremlin. Ni jumba kubwa lililojengwa mwaka 1817 kwa mazoezi ya askari na farasi wao, kwa ukumbusho wa kushindwa kwa Napoleon, ndiyo vita vilevile alivyoviandika Tolstoy katika riwaya yake. Ndani hamna nguzo hata moja ya katikati, kwa hiyo pana nafasi ya kutosha kwa mtu asiyejua bado atakapoelekea.

Aliyejifunza baiskeli utotoni husahau jinsi inavyotisha. Ikilalia kushoto, mwili wote hutaka kuvuta usukani upande wa kulia, kumbe dawa yake ni kuugeuza kushoto, kule kule unakoangukia, ndipo isimame. Mtoto hujua hilo kwa magoti yake baada ya siku mbili. Mtu mzima hulijua kwa akili kwanza, na akili huchelewa. Tena mtoto akianguka hucheka akaamka, lakini mwenye miaka 66 hufikiria mfupa wa nyonga. Zaidi ya hayo, mwandishi mkuu wa Urusi alikuwa akiyumba mbele ya watu waliokuja kujifunza kama yeye, na kila mmoja wao alimtambua.

Maneno hayakukosekana. Tolstoy hakuwa mwandishi tu kwa wakati huo. Alikuwa kama mwalimu wa dini kwa watu waliofuata mafundisho yake ya kuacha mali, kulima kwa mikono yao na kutotumia nguvu dhidi ya mtu yeyote. Machoni pao baiskeli ilikuwa mchezo wa matajiri. Mfuasi wake mmoja kijana, aitwaye Popov, alimsihi aache, na akasikitika alipoona hasikii. Tolstoy aliliandika jambo hilo katika shajara yake mwezi wa Aprili 1895. Kwa ufupi alisema kwamba yeye mwenyewe anashangaa kwa nini kitu hiki kinamvuta, lakini haoni haya, maoni ya watu hayamsumbui, na furaha anayoipata ni ya kitoto, isiyo na dhambi.

Nimeyatafakari sana maneno hayo, kwa sababu yananihusu. Mimi naishi Busia, mpakani, na baiskeli za kubeba abiria kuvuka mpaka huu ndizo zilizoizalia nchi yetu neno bodaboda. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na pikipiki. Nilipostaafu ualimu nilikuwa sijapanda baiskeli kwa zaidi ya miaka 30, nikanunua moja iliyotumika, nyeusi, ile aina ya chuma kizito tuliyokuwa tukiiita Black Mamba. Siku ya kwanza nilipopita sokoni, mama mmoja muuza mboga alinipa pole kwa sauti ya chini. Jirani akamwuliza mwenzake kama pensheni ya mwalimu imekwisha. Mpwa wangu aliye Nairobi akanitumia pesa za nauli ya matatu kwa M-Pesa, nami nikazinunulia tairi jipya la nyuma.

Hayo yalinichekesha. Lililonichoma ni jingine. Mke wangu alikuwa amezikwa miezi saba tu kabla, na walioniona nikitabasamu juu ya baiskeli walihesabu miezi. Sikumjibu mtu. Kwanza sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba ndani ya nyumba kila kitu kilikuwa mahali alipokiacha yeye, na barabarani, kwa muda wa saa nzima, ilinibidi kuangalia mashimo, mbuzi na magari, nisiweze kuwaza lolote jingine. Nilirudi nikiwa na njaa. Kwa mtu aliyefiwa, njaa ni habari njema. Ndipo nilipomwelewa yule Mrusi kuliko nilivyomwelewa nilipokuwa nikisoma riwaya zake ujanani.

Wasiomjua mfiwa hudhani kwamba akicheka amesahau. Tolstoy hakumsahau Vanichka. Msiba ule ulikaa nyumbani mwake mpaka mwisho, na mambo mengi yaliyoharibika kati yake na Sofia yalizidi kuharibika tangu mwaka huo. Lakini nguvu zake hazikukauka. Mwaka 1899 alitoa riwaya ya Ufufuo, na mapato yake akayatoa kuwasaidia Wadoukhobor, watu wa dhehebu lililokataa kushika silaha, wahamie Kanada. Mwaka 1901 Kanisa la Orthodox la Urusi likatangaza kwamba si muumini wake tena. Aliugua hata wengi wakamkatia tamaa, akapona, akaendelea na Hadji Murat, kisa cha vita vya Caucasus alivyoviona ujanani. Mwaka 1909 na 1910 aliandikiana barua na Mohandas Gandhi, aliyekuwa wakili Afrika Kusini, na shamba walimokaa Gandhi na wenziwe karibu na Johannesburg likapewa jina la Tolstoy. Kupanda farasi hakukuacha hadi mwaka wake wa mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuwa wa huzuni. Mwezi wa Novemba 1910, kwa kalenda tunayoitumia sisi, akiwa na miaka 82, aliondoka nyumbani usiku, amechoshwa na ugomvi juu ya wasia na maisha ya kikabaila aliyoyachukia. Akashikwa na homa ya mapafu garini, akateremshwa katika stesheni ndogo ya Astapovo, na tarehe 20 akafariki katika nyumba ya mkuu wa stesheni. Sofia alifika, lakini hakuruhusiwa kuingia mpaka mumewe alipokuwa hajitambui. Walimzika Yasnaya Polyana chini ya miti, bila ya msalaba wala jiwe.

Nyumba yake ya Moscow, katika mtaa wa Khamovniki, ni makumbusho tangu mwaka 1921. Humo mna meza aliyoandikia, na karibu yake zana zake za ushonaji viatu na ile baiskeli. Waliopanga vyumba hivyo walikuwa na busara. Hawakuificha baiskeli kama upuuzi wa mzee, bali waliiweka pamoja na kazi zake nyingine.

Ndugu msomaji mwenye umri kama wangu, ukitaka kurudia baiskeli, au kuianza, tafuta uwanja ulio sawa, teremsha kiti hata nyayo zako zifike chini, hakikisha breki zote mbili zinashika, na utazame mbali mbele yako, si gurudumu. Hao wanaokutazama pembeni watachoka baada ya wiki mbili, kama walivyochoka kunitazama mimi. Na wewe uliye kijana, ukimwona mzee aliyefiwa juzi akipita juu ya baiskeli huku uso umekunjuka, usimpe pole ya pili wala usihesabu miezi. Mpishe njia, umsalimu kama ulivyomsalimu siku zote.