Bibi Salme na Mlango wa Maktaba

Ni desturi ya binadamu kukidharau kile akipatacho bure. Kivuli cha mwembe hakikumbukwi mpaka shoka lipite, na maji ya kisima hayathaminiwi mpaka kisima kikauke. Ndivyo ilivyo kwa maktaba ya umma. Mlango wake u wazi, haimwulizi mtu ukoo wake wala kilichomo mfukoni mwake, na kwa sababu hiyo hiyo wengi wetu hupita mbele yake kama tupitavyo mbele ya ukuta. Leo tumeona yafaa kuwakumbusha wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya kupanga matumizi ya fedha za umma, maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja ambaye kwake yeye herufi hazikupatikana bure.

Bibi Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, kando ya bahari. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi aliyetekwa angali mtoto mdogo na kuuzwa mbali na kwao. Basi mtoto huyu alirithi ufalme kwa upande mmoja na utumwa kwa upande wa pili, na alikulia katika nyumba ambayo utajiri wake ulitokana na karafuu zilizochumwa kwa mikono ya watumwa.

Watoto wa jumba walifundishwa kusoma Kurani na mwalimu wa kike. Wavulana walifundishwa na kuandika. Wasichana hawakufundishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba kalamu haimfai mwanamke. Madhara yake yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwanamke wa heshima aliyetaka kumpelekea nduguye barua alilazimika kumwambia mtu mwingine maneno yake ili amwandikie, na siri ya moyo wake ikapita katika mikono isiyo yake. Salme hakuridhika na hali hiyo. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama hizo, akatwaa kalamu na wino, akawa ananakili kwa siri herufi za Msahafu moja baada ya moja, hata mkono wake ukazoea. Habari zilipofichuka alilaumiwa sana, lakini elimu ikishaingia haitoki.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, na mwanawe Majid akashika utawala wa Zanzibar. Mwaka 1859 mama yake Salme naye alifariki kwa kipindupindu. Katika mwaka huo huo Barghash alipanga njama ya kumpindua nduguye Majid, na kwa kuwa Salme alijua kuandika, barua za njama hiyo ziliandikwa kwa mkono wake, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano tu. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na majuto, ametengana na nusu ya ndugu zake. Hapa pana funzo lisilopasa kupuuzwa. Kujua herufi peke yake hakumwokoi mtu. Asomaye barua za upande mmoja tu, bila kitabu cha pili cha kupimia cha kwanza, huweza kuwa chombo cha fitina ya wengine. Ndiyo maana jamii yenye shule huhitaji pia maktaba, mahali ambapo hoja na kinyume chake hukaa katika rafu moja.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, na bado yanabishaniwa katika mabaraza yetu. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa, akapewa jina la Emily, akaolewa, kisha akaelekea Hamburg. Sisi hatukusudii kuhukumu uamuzi wake wa kuacha dini na nchi. Aliyeulipia ni yeye mwenyewe. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu, na mjane huyu akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, hana mali. Alirudi kuiona Zanzibar mwaka 1885 na tena mwaka 1888, akidai urithi wake, lakini Barghash, ambaye ndiye aliyekuwa Sultani tangu mwaka 1870, hakumpokea, na safari ya pili haikumpatia haki aliyoitaka.

Ndipo herufi zile za mfupa wa ngamia zilipomfaa. Mwaka 1886 alichapisha huko Berlin kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, na mwaka 1888 zikatoka kwa Kiingereza. Kwa kitabu hicho tunajua jinsi Mtoni ilivyokuwa, chakula kilivyopangwa, wagonjwa walivyouguzwa na watoto walivyolelewa. Mambo ambayo mabalozi na mabaharia hawakuyaona wala wasingeweza kuyaona. Lakini humo humo ameutetea utumwa kwa maneno ambayo hakuna Mzanzibari wa leo awezaye kuyakubali. Je, kitabu cha namna hiyo kifichwe? La. Kiwekwe wazi, kando yake viwekwe vitabu vya historia ya utumwa na ya mashamba, na msomaji ahukumu mwenyewe.

Bibi Salme aliishi Beirut miaka mingi, akarejea Ujerumani mwaka 1914, na akafariki Jena mwaka 1924. Amezikwa Hamburg, na husimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mchanga wa Unguja aliouhifadhi maisha yake yote. Mkusanyo wa vitabu na karatasi za mwanawe Rudolph uliishia Leiden, Uholanzi. Kwa hiyo mtoto wa Mtoni anayetaka kuzifikia karatasi za jirani yake wa zamani hutazama mbali ng'ambo ya bahari, wakati nyumba aliyozaliwa bibi huyo ni magofu anayoyapita kila siku.

Tangu enzi zake mengi yamebadilika. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, tarehe 23 Septemba ya mwaka huo huo, elimu ilitangazwa kuwa bure kwa watoto wote wa Zanzibar, na binti wa mkulima akapewa kalamu mchana kweupe. Lakini shule ina kengele na ina umri. Kengele ikishalia na miaka ikishapita, mtu huenda wapi kusoma? Mji Mkongwe una jibu lake la kale: baraza, lile benchi la mawe mbele ya nyumba ambapo mpita njia huketi bila kuulizwa bei. Maktaba ya umma ni baraza ya wasomaji. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao chumba ni kimoja na watu ni wanane hupata humo meza na utulivu. Mzee hupata gazeti. Msichana hupata kitabu bila ya kumwomba mtu ruhusa. Katika mji ambao viti vingi vya kukalia huambatana na bili ya kahawa, hiyo si neema ndogo.

Tangu mwaka 1949 UNESCO imekuwa ikitangaza kwamba maktaba ya umma iwe wazi kwa watu wote bila malipo. Kwa hiyo, tunawasihi viongozi wetu wanapokaa kupanga bajeti wasiihesabu maktaba kuwa pambo la kukatwa kwanza. Saa za kufungua ziwafae wafanyakazi na wanafunzi, rafu zipate vitabu vipya vya Kiswahili, na vijiji vya Nungwi na Makunduchi vifikiriwe sawa na mjini. Na sisi wananchi tutimize wajibu wetu: tuwapeleke watoto, tusichane kurasa, turudishe tulichoazima. Kiti kisichokaliwa ni hoja mkononi mwa yule atakaye kukiondoa. Binti wa Sultani, pamoja na dhahabu yote ya baba yake, aliiba herufi kama mwizi. Mtoto wa mvuvi leo anakaribishwa azichukue waziwazi, na ni juu yetu sote kwamba mlango huo usifungwe.