Omar Mukhtar: Mwalimu wa Chuo na Simba wa Sinema

Wengi wetu sura ya Sheikh Omar Mukhtar tuliijua kwanza katika sinema. Kila atajwapo, anayetujia mbele ya macho ni Anthony Quinn, yule mchezaji aliyezaliwa Mexico, na ndevu zake nyeupe na miwani yake, katika picha ya Moustapha Akkad iliyotoka mwaka 1981. Je, mzee yule wa kwenye pazia ndiye Omar Mukhtar, au ni mtu mwingine aliyevikwa joho lake?

Sheikh Omar alizaliwa yapata mwaka 1858 katika nchi ya Barqa, mashariki ya Libya. Baba yake alifariki safarini akienda kuhiji, naye akalelewa mikononi mwa masheikh wa tarika ya Sanusiya. Akapelekwa Jaghbub, makao ya tarika hiyo jangwani, akasoma huko kwa miaka minane. Baadaye akakabidhiwa zawia ya Al-Qusur: kusomesha, kupokea wageni na kusuluhisha ugomvi wa makabila. Alikwenda pia Chad kupigana na Wafaransa. Wataliani waliposhuka pwani ya Libya mwaka 1911, tayari alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu.

Haya yote sinema inayaruka. Yenyewe inaanza mwaka 1929, Mussolini anapomchagua Jenerali Graziani, na mzee tunamkuta akisomesha watoto. Hapo picha imesema kweli, maana mwalimu alikuwa hasa. Lakini alikuwa mwalimu wa nani, na kwa idhini ya nani?

Sheikh Omar alitoka kabila la Minifa, ambalo katika Barqa halikuhesabiwa miongoni mwa makabila makubwa yenye ardhi. Kwa desturi za mabedui, mtu wa ukoo kama huo hawaamrishi vijana wa Bara'sa wala wa Abaidat. Lakini walimfuata, kwa kuwa alikuwa sheikh wa Sanusiya na naibu wa Sayyid Idris, aliyekimbilia Misri mwisho wa mwaka 1922. Zaka alikusanyiwa hata na watu waliokaa chini ya bendera ya Italia. Mchana walimtii Mtaliani, usiku walimtii yeye. Muondolee tarika, na haieleweki mzee wa miaka sabini aliwezaje kuongoza vita karibu miaka tisa.

Sinema imemuondolea. Sababu haiko mbali. Gharama za picha hiyo zilitolewa na serikali ya Gaddafi, na Gaddafi ndiye aliyempindua Idris, mfalme wa Sanusiya, mwaka 1969. Anayelipia ngoma hataki asifiwe jirani. Kwa hivyo tumepewa mpiganaji wa taifa, mpole kama babu, na yule khalifa wa zawia, mwenye kuhukumu na kutoza, amebaki nje ya mlango.

Kwa upande wa mateso, hata hivyo, mtengenezaji hakutia chumvi. Mwaka 1930 Wataliani waliwahamisha watu kama laki moja, na wanyama wao, wakawafungia makambini ambako maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Wakajenga ua wa seng'enge kutoka baharini hadi Jaghbub, karibu kilomita 270, kuzuia msaada wa Misri. Zawia zikafungwa, mali zao zikachukuliwa. Haya yalitendeka, na Italia ilipoipiga marufuku picha hiyo mwaka 1982, kwa madai kwamba inaliaibisha jeshi lake, haikuwa imeyafuta. Huko haikuonyeshwa katika televisheni mpaka mwaka 2009, Gaddafi alipozuru Roma akiwa amebandika kifuani picha ya mzee yule katika minyororo.

Picha hiyo ya kamera ndiyo ya kutazamwa kwanza. Sheikh Omar alikamatwa tarehe 11 Septemba 1931, farasi wake alipoanguka karibu na Slonta. Amesimama katikati ya maofisa, amechoka, mikono imefungwa, wala hana ule utukufu wa Quinn. Ni mzee tu, na bado hakuinamisha kichwa. Tarehe 15 alihukumiwa Benghazi katika kesi ya siku moja. Kapteni wa Kitaliani aliyepewa kazi ya kumtetea alimtetea kwa dhati, naye akaadhibiwa kwa hilo.

Kesho yake akanyongwa katika kambi ya Suluq, mbele ya watu kama 20,000 walioletwa kutazama. Katika sinema miwani yake inaanguka na mtoto anaiokota, nasi tuliokuwa gizani tukatokwa na machozi. Mtoto yule ametungwa. Wale elfu ishirini walikuwapo kweli.