Tuwaambie Vijana Ukweli Kuhusu Rafiki Mcheza Kamari

Sisi walimu tumezoea kuwaonya wanafunzi dhidi ya kamari kwa kumchora mchezaji wake kama ibilisi: mwongo, mwizi, mtu asiye na utu. Mimi hufundisha hapa Ogembo, na nimebaini kwamba onyo la namna hiyo haliwaingii. Vijana wetu wanamfahamu mcheza kamari. Zamani alikuwa akicheza pata potea sokoni. Siku hizi anachezea simu yake. Akishinda, huwanunulia wenzake chai na mandazi. Tukimwita ibilisi, wanatuona sisi ndio waongo.

Ndiyo maana hupendelea kuwasimulia maisha ya John Henry Holliday, Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Doc.

Holliday alizaliwa mwaka wa 1851 mjini Griffin, katika jimbo la Georgia. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1866. Kijana huyo alisoma kwa bidii, akahitimu udaktari wa meno mjini Philadelphia mnamo 1872. Muda mfupi baadaye akagundua kwamba ugonjwa uliomuua mama yake ulikuwa umemwingia yeye pia, na wakati huo haukuwa na tiba. Alihamia Dallas, Texas, lakini kikohozi kiliwafukuza wagonjwa wake. Hapo ndipo karata zilipogeuka kuwa kazi yake. Alikunywa pombe kupindukia, akatembea na bastola, na kuingia katika magomvi kana kwamba uhai wake haukuwa na thamani.

Mwaka wa 1877, huko Fort Griffin, Texas, alikutana na Wyatt Earp, kijana wa miaka 29. Earp naye hakuwa mgeni wa meza ya karata, ila alikuwa pia mlinzi wa sheria. Mwaka uliofuata, mjini Dodge City, Holliday alimwokoa kutoka mikononi mwa watu waliomzingira kwa silaha. Earp alilieleza jambo hilo hata mbele ya hakimu.

Tarehe 26 Oktoba 1881, huko Tombstone, Arizona, Holliday alisimama bega kwa bega na Earp na ndugu zake, Virgil na Morgan, katika mapigano ya risasi yaliyodumu takriban nusu dakika. Wapinzani watatu walikufa. Uhasama haukuishia hapo. Virgil alipigwa risasi akalemaa mkono, na mwezi wa Machi 1882 Morgan akauawa. Earp na Holliday waliwasaka waliowashuku na kumwaga damu, hata wao wenyewe wakawa wanatafutwa na serikali. Mwezi uliofuata waligombana, wakaachana. Hata hivyo, Holliday alipokamatwa mjini Denver mwezi wa Mei, Earp alimwomba Bat Masterson amsaidie asirudishwe Arizona.

Holliday alifia kitandani, katika hoteli mjini Glenwood Springs, Colorado, tarehe 8 Novemba 1887. Alikuwa na umri wa miaka 36. Earp aliishi hadi mwaka wa 1929.

Je, Holliday alikuwa rafiki mbaya? Wanafunzi wangu hujibu kwamba la, nami hukubaliana nao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kisha huwauliza swali la pili: je, urafiki huo ulimtoa kwenye kamari? Haukumtoa. Huo ujasiri wanaousifu ulikuwa umechanganyika na kukata tamaa. Aliweka mezani uhai ambao maradhi yalikuwa yameshaanza kuudai. Kijana wa Ogembo huweka nini? Huweka karo iliyotokana na majani chai aliyoyachuma mamake tangu alfajiri, au mikungu ya ndizi aliyoipeleka sokoni. Mali hiyo si yake.

Basi, enyi wanafunzi, sisemi mumkimbie rafiki mcheza kamari. Mkaribisheni chakula, mketi naye, lakini msimkopeshe fedha ya kuchezea wala msikubali kuonjeshwa mchezo wake, kwani mchovya asali hachovyi mara moja. Nasi walimu, tumwonapo kijana akitupa kila alicho nacho bila kujali, tusianze kwa fimbo. Tumwulize kwanza ni jambo gani alilolikatia tamaa, kisha tutulie tumsikilize.