Ignacio Cervantes: Mpiga Piano Aliyefukuzwa Kwao

Wapo watu ambao wakishapata cheti cha Ulaya tu, muziki wa kwao wanauona wa kishamba. Ignacio Cervantes alikuwa na kila sababu ya kuwa mmoja wao.

Alizaliwa Havana, Kuba, tarehe 31 Julai 1847. Kisiwa kilikuwa bado koloni la Hispania, na mashamba ya miwa yaliendeshwa kwa jasho la watumwa wenye asili ya Afrika. Cervantes alijifunza piano tangu utotoni, na mwalimu wake mkubwa alikuwa Nicolás Ruiz Espadero wa hapohapo Havana. Kisha Louis Moreau Gottschalk, nyota wa piano kutoka New Orleans, Marekani, akamsikia, akaona huyu kijana ana kitu, akamtia moyo aende mbele zaidi.

Mbele, kwa zama zile, ni Paris. Akaingia chuo cha muziki cha huko, na mwaka 1866 akabeba tuzo ya kwanza ya piano. Tuzo za somo la hamonia zikafuata. Halafu akagonga ukuta. Ile tuzo kubwa ya watunzi, Prix de Rome, haikuwa ya wageni. Kipaji anacho, alama anazo, lakini si Mfaransa. Basi.

Mwaka 1870 akarudi nyumbani, akakuta nchi inawaka. Oktoba 10, 1868, Carlos Manuel de Céspedes, mwenye shamba la miwa, alikuwa amewaachia huru watumwa wake na kutangaza vita dhidi ya Hispania. Sasa mpiga piano afanye nini kwenye vita? Cervantes hakushika bunduki. Alishirikiana na José White, mpiga fidla ambaye mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika na ambaye naye alikuwa ametoka kusoma Paris. Wawili hao wakazunguka kisiwani wakifanya maonyesho. Mtu ananunua tiketi, anasikiliza, anapiga makofi, anaenda kulala. Kumbe hela yake inakwenda kwa wapiganaji wa uhuru.

Wakoloni hawakuchelewa kunusa. Mwaka 1875 gavana wa Kihispania akawapa amri waondoke Kuba. White baadaye akaangukia Brazil, Cervantes akaenda Marekani, na huko akaendelea na kazi ileile: kupiga piano na kuchangia vita. Kipande alichotunga kwa kuondoka kwake kinaitwa Adiós a Cuba, yaani Kwaheri Kuba. Ni kifupi, cha taratibu, na hakina kelele za vita ndani yake. Ukikisikiliza unamsikia mtu anayeangalia pwani ya kwao ikipotea.

Kipande hicho ni mojawapo ya zile danza zake, kama 40 hivi, nyingi zikiwa za dakika moja au mbili tu. Danza ilitokana na ngoma ya kumbi za Ulaya. Ilipofika Kuba, wanamuziki weusi waliipa mdundo mwingine, ule unaokatika na kuvuta kiuno. Cervantes akauchukua mdundo huo akauweka kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauachia ufundi wa Paris. Mdundo uliotoka Afrika ukakaa kwenye piano bila kuomba radhi. Miongo kadhaa baadaye muziki wa Kuba ulivuka bahari kurudi huku kwa njia ya santuri, hadi Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba.

Vita viliisha mwaka 1878 kwa mkataba wa Zanjón. Uhuru haukupatikana, na utumwa haukufutwa mpaka 1886. Mwaka 1879 Cervantes akarudi Havana, chini ya bendera ileile iliyomfukuza. Wapo watakaosema hapo alinywea. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwaka 1895 vita vilipoanza tena, mtu huyu, sasa anakaribia miaka 50, alifungasha tena. Akaenda Marekani na Mexico, akapiga tena piano kwa ajili ya Kuba. Aliyenywea hafanyi hivyo mara ya pili.

Wahispania walipong'oka, akarudi. Mwaka 1902 aliiona bendera ya Kuba ikipanda, ingawa Wamarekani walikuwa wamejiwekea haki ya kuingilia mambo ya nchi hiyo. Alifariki Havana tarehe 29 Aprili 1905, akiwa na miaka 57. Binti yake, María Cervantes, naye akawa mpiga piano na mwimbaji.

Aliacha simfonia na opera ambayo hakuimaliza, kazi ambazo Paris ingezitambua. Lakini kinachopigwa zaidi mpaka leo ni zile danza ndogondogo za nyumbani. Sisi tunaoambiwa kila siku kwamba elimu ni ufunguo, hebu tujiulize alifungua mlango gani na ufunguo wake. Anza na Adiós a Cuba, halafu Los tres golpes, yaani Mapigo Matatu. Zote mbili zitaisha kabla foleni ya chakula haijasogea.