Kijumwa wa Lamu: Fundi aliyeremba ukingo wa karatasi

Si unazijua zile kadi za harusi za siku hizi, ambazo ukingo wake umechanwa kwa mkono halafu ukapakwa rangi ya dhahabu au ya waridi? Ukipewa moja, unaigeuza mara mbili tatu kabla hata hujasoma jina la bwana harusi. Unaona tu kwamba kuna mtu alikaa chini, akaifanyia kazi.

Leo nataka nikupeleke Lamu, nikujulishe mzee mmoja aliyekuwa akizifanyia karatasi kazi kama hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari. Watu walimwita Kijumwa, na wengine huandika Kijuma. Huenda hujawahi kumsikia, lakini kama umesoma Kiswahili shuleni, basi kazi ya mkono wake imeshakufikia. Subiri, tutafika huko.

Kijumwa alizaliwa Lamu karibu mwaka 1855. Mji ulikuwa kama unavyouona leo ukishuka kwenye mashua: nyumba za mawe, vichochoro vinavyopitisha punda, milango ya mbao iliyochongwa, na mitaa miwili mikubwa, Mkomani na Langoni, inayotaniana na kushindana tangu zamani. Watoto walianza na chuo cha Kurani. Huko ndiko mkono ulikojifunza herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizohizo Waswahili waliandika lugha yao wenyewe: barua, hesabu za biashara, na mashairi. Kwa hiyo mtu akikuambia eti wazee wetu hawakujua kuandika mpaka meli za Wazungu zilipokuja, mwambie aende Lamu kwanza.

Sasa hebu tuvuke maji kidogo hadi kisiwa jirani cha Pate, kwenye mji wa Siyu. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Katika karne ya 18 na ya 19, waandishi wake walinakili Kurani kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, wakazipamba kwa maua na mistari iliyosukwa, kwa wino mweusi, mwekundu na manjano. Baadhi ya nakala hizo zipo hadi leo. Ukizitazama, utaona kwamba pambo limezunguka maandishi kama miimo inavyozunguka mlango. Na si ajabu, maana fundi wa karatasi na fundi wa mbao waliishi mtaa mmoja na kuona maua yaleyale kila siku.

Karatasi yenyewe haikutengenezwa kisiwani. Ilikuja kwa meli, na nyingi ilitoka Ulaya. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara yaliyolowekwa na kupondwa mpaka yakawa uji. Fundi alichota ule uji kwa chekeche ya waya yenye fremu ya mbao, maji yakachuruzika, unyuzi ukabaki. Uji kidogo ulipenya chini ya fremu, na ndiyo maana ukingo wa karatasi ile ulitoka na manyoya, haukunyooka. Sura ile tunayoitafuta leo kwenye kadi za harusi, zamani ilikuja bure na kila karatasi.

Kijumwa alipokuwa mtu mzima, mashine zilikuwa zimeshaingia kazini. Karatasi ilikuja imekatwa sawasawa, pande nne, haina manyoya wala alama ya mkono wa mtu. Basi kama ulitaka ukurasa uwe na uso, ilibidi uso huo uutie mwenyewe. Na hapo ndipo Kijumwa alipong'ara.

Lakini usidhani alikaa tu na kalamu. Kijumwa alikuwa mtu wa kazi nyingi, kama vijana wengi wa leo wanaounga-unga maisha. Alichonga mbao. Alitunga mashairi, yakiwemo ya kuimbwa katika ngoma za mashindano ambazo mitaa ya Lamu ilizipenda sana. Alipiga kibangala, kile chombo cha nyuzi kinachofanana na udi mdogo. Alinakili hati kwa malipo. Alifundisha wageni lugha ya Kiswahili.

Na kama ilivyo leo, si kila mtu alifurahi. Lamu ni mji wa dini. Mtu aliyesoma chuoni, mwenye mwandiko mzuri namna ile, halafu anaonekana na kibangala kwenye ngoma, lazima asemwe. Kisha akaanza kufanya kazi na wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wamefungua kituo mjini. Hapo maneno yakazidi. Mtu wa watu wote mara nyingi huishia kulaumiwa na kila upande, na Kijumwa aliishi na lawama hizo miaka mingi bila kuweka kalamu chini.

Hebu tuutazame ukurasa wake sasa. Chukua utendi, au utenzi kama wanavyosema watu wa kusini. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande mizani minane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi ubeti kwa ubeti hadi mwisho. Waandishi wa Lamu waliuweka ubeti mzima kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Sasa, mstari mmoja wenye vipande vinne unaweza kumchanganya msomaji, hasa yule anayeusoma kwa sauti mbele ya watu. Kwa hiyo kati ya kipande na kipande mwandishi alitia kipambo kidogo. Kijumwa alivichora vipambo hivyo kwa uangalifu na kuvitia rangi, vikashuka ukurasa mzima kama nguzo zilizopangwa. Ukitupa jicho, unaona ua. Ukisoma, unajua pa kupumua. Pambo lilikuwa linafanya kazi.

Ukingo nao una kazi yake. Kila mwandishi aliacha nafasi pembeni mwa karatasi, na si kwa urembo peke yake. Kisiwani kuna chumvi hewani, kuna unyevunyevu, kuna mchwa, na kuna vidole vya wasomaji. Vyote hivyo huanzia pembeni. Ukingo ndio unaokula kipigo kwanza, ili maneno ya katikati yabaki salama.

Mwishoni mwa hati, waandishi wa pwani walikuwa na desturi ya kuandika jina la aliyenakili na tarehe, kwa kawaida ya Kiislamu. Kijumwa aliishika desturi hiyo. Iweke kichwani, tutairudia.

Mwaka 1911 alikuja pwani ya Afrika Mashariki mwanamke mmoja Mwingereza, Alice Werner, msomi wa lugha za Kiafrika, akakaa huku hadi 1913. Alifika Lamu akitafuta mashairi ya kale, na mtu aliyemfaa alikuwa Kijumwa. Mwaka huo wa 1913 Kijumwa aliandika Utendi wa Fumo Liyongo. Ndiyo, Liyongo yuleyule! Shujaa wa pwani aliyetoroka kifungoni, ambaye hakuna silaha iliyompata isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyesalitiwa na mwanawe wa kumzaa. Hadithi yenyewe ni ya kale sana kuliko Kijumwa; watu walikuwa wakiisimulia na kuiimba vizazi na vizazi. Lakini utendi unaojulikana zaidi hadi leo ulipita kwenye kalamu yake. Nilikuambia kazi yake imeshakufikia.

Baadaye akaja William Hichens, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Kenya. Alikuwa ameshaondoka, lakini kutoka Uingereza alimwandikia Kijumwa barua, naye Kijumwa akamjibu na kumtumia hati kwa posta. Fikiria hilo. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, ameketi Lamu, ananakili beti kwa mamia, anachora vipambo, anakunja, anapeleka posta, kisha anangoja meli iende na irudi ndipo ajue kama kazi imepokewa na malipo yamekuja. Sisi mteja akichelewa kujibu ujumbe nusu saa tu, tunaanza kulalamika.

Mwaka 1939 Hichens alichapisha Al-Inkishafi, utenzi mkubwa wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu kuporomoka kwa Pate na kupita kwa dunia. Mwanazuoni huyo alikuwa ameshafariki muda mrefu. Maneno yake yaliishi kwa sababu watu waliendelea kuyanakili, mkono baada ya mkono, na Kijumwa alikuwa mmoja wa mikono hiyo.

Mwaka 1936 ilikuwa zamu ya Mjerumani, Ernst Dammann, aliyefika Lamu na mkewe Ruth. Kijumwa, mzee wa miaka karibu themanini, aliwanakilia na kuwaeleza mashairi. Kitabu cha Dammann cha tungo za Kiamu kilitoka Hamburg mwaka 1940.

Najua unachotaka kuuliza. Mbona hati hizi ziko London na Ujerumani? Mbona mtoto wa Lamu akitaka kuona mwandiko wa babu wa mji wake lazima aanzie kwenye skrini ya maktaba ya ng'ambo? Ni swali la haki, na linauma. Wengine watamlaumu Kijumwa mwenyewe, eti aliuza urithi.

Mimi silioni hivyo, na nitakuambia kwa nini. Kijumwa alikuwa fundi, na fundi hula kwa kazi ya mkono wake. Waliokuja mlangoni wakitaka beti za kale ziandikwe vizuri, na wakiwa na pesa ya kulipia, wengi walikuwa wageni. Vijana wa mji wakati ule walikuwa wanaelekea kwingine: shule mpya, herufi za Kirumi, vitabu vilivyopigwa chapa. Na tena, kunakili si kunyang'anya. Ukinakili shairi, la awali linabaki kwa mwenyewe. Kama la awali lililiwa na mchwa ndani ya sanduku la nyumbani, kosa si la aliyenakili. Hati nyingi za visiwa hivi zilipotea namna hiyo, kimyakimya, bila mtu wa kulaumiwa.

Wala usidhani Lamu imebaki mikono mitupu. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, una hazina yake ya hati za mkono, na kurasa zake zimeshapigwa picha za kidijitali ili zisipotee. Mafundi wa kuchonga milango wapo hadi leo, na Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kazi haijaisha. Inangoja mikono.

Kijumwa alifariki mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka karibu tisini. Hakuacha utajiri wa kusimuliwa. Aliacha kurasa. Leo wasomi wakifungua hati ya Kiswahili kwenye maktaba za mbali, mara nyingi wanautambua mwandiko wake kabla hawajafika mwisho. Wakifika mwisho, jina lake lipo. Tarehe ipo. Hakuna wa kusema kazi ile ilijifanya yenyewe.

Basi jaribu kitu wikendi hii, haitakugharimu hata bei ya bando. Chukua karatasi nzito kidogo. Chovya brashi kwenye maji, chora mstari wa maji karibu na ukingo, ngoja karatasi inywe, kisha ivute taratibu. Itachanika kwenye ule mstari na kubaki na manyoya, kama karatasi za zamani zilizokuja kwa meli. Ikikauka, pitisha rangi kwenye manyoya tu: chai ya rangi iliyokolea, wino mwekundu, chochote ulichonacho. Acha nafasi pembeni.

Halafu mpigie bibi au babu simu. Mwombe wimbo mmoja, wa kubembelezea mtoto au wa harusi, ambao hujawahi kuuona umeandikwa popote. Uandike hapo katikati, taratibu, kwa mwandiko wako bora. Chini yake andika jina la aliyekupa, jina lako, na tarehe ya leo.

Usiiache karatasi hiyo kwenye simu peke yake. Simu huibwa.