Joginder Singh: Mshika spana aliyewashinda wenye viwanda

KABLA lami haijafika, dereva aliyetoka Embu kwenda Meru wakati wa masika alihitaji mikono iliyozoea usukani na injini isiyochoka. Barabara ilitumbukia na kupanda katika mabonde yaliyochongwa na mito ya Mlima Kenya, ikiwemo Thuci na Mutonga, kona baada ya kona. Udongo wake mwekundu ukilowa hung'ang'ania magurudumu kama ugali ung'ang'aniavyo mwiko.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953, yalifanyika msimu huo huo wa mvua, wakati wa Pasaka, na kwa miaka mingi njia yake iliuzunguka mlima huo. Watu waliacha shughuli zao wakajipanga kando ya barabara kuyatazama magari yakipita. Jina moja lilijulikana hata na watoto ambao hawajawahi kupanda gari: Joginder Singh.

Wengi humkumbuka kama dereva, lakini hiyo ni nusu tu ya habari zake. Alikuwa fundi kwanza, na bila ufundi huo huenda asingepata kushinda.

Alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, akiwa mwana wa kwanza kati ya watoto kumi wa Battan Singh, aliyehamia Kenya kutoka Punjab. Jamii yake ya Wasikh, ambao Wakenya wamezoea kuwaita Makalasinga, ilikuwa na sifa ya ufundi tangu enzi za ujenzi wa reli. Baada ya masomo yake jijini Nairobi, Joginder aliingia gereji ya babake akiwa kijana wa kushika spana.

Anayefungua injini kwa mara ya kwanza, iwe gerejini au uani nyumbani kwake, hutambua upesi kwamba kuifungua si kazi. Kazi ni kuifunga. Krankishafti hulazwa kwanza juu ya beringi zake, na nafasi inayoachwa kwa ajili ya oili ni nyembamba kama unywele. Kisha huingia pistoni na ringi zake, na mianya ya ringi hizo haipangwi katika mstari mmoja, la sivyo mgandamizo huvuja na gari hukosa nguvu mlimani.

Hufuata gasketi na hedi. Bolti za hedi hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Mwenye haraka akikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa mwingine, hedi huweza kupinda, gasketi ikaachia na maji yakaingia kwenye oili. Ubaya wa kosa hilo ni kwamba halionekani uani, injini ikinguruma vizuri na majirani wakipiga makofi. Hujitokeza kilomita mia moja mbele, usiku, penye matope.

Shule ya pili ya Joginder ilikuwa huko huko barabarani. Mwaka wa 1958 alikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kufanya doria, kazi ya kuwanusuru madereva waliokwama njiani. Hakuna njia bora ya kujua gari linavunjika wapi kuliko kulipwa mshahara kwa kuyatazama yaliyovunjika. Mwaka uliofuata alishiriki Safari kwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja Pasaka ya mwaka wa 1965. Joginder na nduguye Jaswant walianza wakiwa na nambari 1 ubavuni, ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Timu ya kiwanda ilikuwa imeitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia, ikaachwa Afrika Mashariki, na ndugu hao wakaitengeneza upya.

Walichagua vyema. Injini ya gari hilo ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita 1,778, lakini siri yake ilikuwa chini, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hatazami. Krankishafti yake ilishikiliwa na beringi kuu tano, ilhali injini iliyoitangulia ilikuwa na tatu pekee. Kwa maelfu ya kilomita za mashimo na vumbi, tofauti hiyo si ndogo.

Waliposhinda, waliyemwacha katika nafasi ya pili alikuwa nyuma yao kwa zaidi ya saa moja na nusu. Hakuna dereva mwenye asili ya Asia aliyekuwa ametwaa taji hilo hapo awali. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, na Waasia wengi nchini walikuwa wakijiuliza iwapo walikuwa na nafasi katika taifa hilo changa. Wakati swali hilo likijadiliwa ofisini na madukani, umati uliojipanga barabarani ulimshangilia mwana wa Kericho mwenye kilemba. Ndipo alipokuja kuitwa Simba wa Kenya.

Alirudia ushindi huo mwaka wa 1974 akiwa na msoma ramani David Doig. Mvua ilikuwa kubwa, na Lancer yake ndogo ya Mitsubishi, yenye injini ya sentimita 1,600, iliipiku Porsche ya Björn Waldegård iliyokuwa na nguvu zaidi. Mwaka wa 1976 yeye na Doig walishinda tena, na magari ya Mitsubishi yakatwaa nafasi zote tatu za kwanza. Ni Shekhar Mehta pekee, aliyeshinda mara tano, aliyepata kumpita baadaye miongoni mwa Wakenya wa enzi zile.

Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, mataji hayo matatu si kipimo chake bora. Joginder alishiriki Safari mara 22 hadi mwaka wa 1980, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mara nyingi magari mengi yaliyoanza hayakufika mwisho, hesabu hiyo humsifu fundi kabla ya kumsifu dereva.

Aliaga dunia jijini London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka wa 2002, na ikarejeshwa mwaka wa 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Barabara ya Embu hadi Meru nayo ni ya lami siku hizi, na magari ya miraa kutoka Maua huzipita kona zake kwa kasi yakiwahi Nairobi.